"Usimguse Mpakwa Mafuta" na Mengine Tunayoaminishwa Kuhusu Mitume na Manabii

Ni nadra wiki iishe hapa Mombasa bila muumini kuniambia, "Mchungaji, mimi ni nani nimhoji mpakwa mafuta wa Bwana?" Mara nyingi pesa zimeshakwenda. Mama mmoja muuza nyanya wa Kongowea alitoa mtaji wote wa mzigo kama mbegu, yaani sadaka ya kutarajia baraka, kwa kuwa aliambiwa akiuzuia biashara itakauka. Mezani pake zilibaki ndoo mbili za nyanya zilizoanza kulainika.

Andiko lililomziba mdomo ni Zaburi 105:15: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Someni kuanzia mstari wa 8, nawasihi. Hapo wanatajwa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wachache wasio na nchi, na wanaokemewa ni wafalme. Neno lililomlinda mnyonge leo linamlinda mwenye kipaza sauti asiulizwe na muuza nyanya! Tena linakataza kudhuru, halikatazi kuuliza. Nabii Nathani alimkabili mfalme Daudi, mpakwa mafuta kwelikweli. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia (Wagalatia 2:11). Watu wa Beroya walichunguza Maandiko kila siku waone kama Paulo anasema kweli, na wakasifiwa kwa hilo. Manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue" (1 Wakorintho 14:29). Hilo ni agizo.

Wakristo wa kale walilielewa. Didake, mwongozo ambao wataalamu wengi huuweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, unasema mtume apokewe kama Bwana mwenyewe, akae siku moja, ikibidi mbili. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa njiani. Akiomba pesa, ni nabii wa uongo. Na hao waliwaheshimu manabii wao mno.

Sisi wa Pwani hatuna kisingizio. Shakahola iko hapo Kilifi, na tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa. Watu wasioruhusiwa kumhoji kiongozi wao wanaweza kupelekwa popote.

Ukipewa neno la unabii, liandike lilivyo pamoja na tarehe, umwonyeshe mzee wa kanisa na mtu mwingine asiyemfahamu nabii huyo. Usitume chochote kwa M-Pesa siku hiyo. Neno la Bwana halichachi kwa kusubiri wiki moja.

Yako na mengine tunayoaminishwa. "Mitume na manabii waliisha zamani." Mashahidi wa ufufuo wa Matendo 1:21-22 hawana warithi, na msingi wa kanisa, yaani mitume na manabii wa Waefeso 2:20, hauwekwi mara mbili. Ila Barnaba naye anaitwa mtume (Matendo 14:14), na kazi ya kutumwa kusikofika Injili ingalipo. Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa 1844 na kumzika mkewe Rosina Nyali mwaka huohuo, aliifanya bila cheo hicho. Kuhusu unabii, ndugu wanaosema umekoma wana hoja zao nzito, lakini mimi sioni pa kuliweka "msitweze unabii" (1 Wathesalonike 5:20).

"Utume ni kupanda cheo kutoka uaskofu." Paulo asema Mungu aliwaweka mitume mwisho, kama waliohukumiwa kufa (1 Wakorintho 4:9). Tuanzie hapo.

"Ametabiri ikatimia, basi ni wa Mungu." Kumbukumbu la Torati 13:1-3 inamtaja nabii ambaye ishara yake inatimia na bado hapaswi kusikilizwa, kwa sababu ya anakowapeleka watu.

"Kumwona nabii kuna ada." Elisha alikataa zawadi ya Naamani, mgeni aliyeponywa ukoma. Gehazi, mtumishi wa Elisha, akamfuata mgeni mbio, akapokea talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akatoka mbele ya bwana wake na ukoma. Ukidaiwa kiingilio mlangoni, rudi nyumbani na nauli yako.