Chuku kwa maumivu ya misuli: uliza kwanza habari ya wembe

Mvuvi wa dagaa kutoka Kibirizi, Kigoma, alipovua shati katika chumba chetu cha tiba ya viungo, mgongo wake ulitangulia kujieleza. Miduara saba ya rangi ya zambarau ilikuwa imejipanga pande mbili za uti wa mgongo, kama alama za bilauri iliyolowa juu ya meza. Mmoja ulikuwa na lengelenge. Amevuta nyavu usiku kucha, mabega yamekaza, akaenda kupigwa chuku. Vijana huiita hijama, wazee husema kuumikwa.

Hatukumgombeza. Alisema alilala vizuri siku mbili, nasi tunamwamini.

Zamani ilikuwa pembe ya ng'ombe: mpiga chuku ananyonya hewa kwa mdomo kupitia tundu la nchani, kisha analiziba kwa nta. Leo ni vikombe vya plastiki na pampu ya mkono, au bilauri iliyopitishiwa moto, na malengelenge mengi tunayoyaona ni ya huo moto au ya kikombe kilichoachwa muda mrefu kupita kiasi. Kazi ni ileile. Hewa ikipungua ndani ya kikombe, ngozi na nyama iliyo chini yake huvutwa juu, damu hukusanyika hapo na vishipa vidogo hupasuka. Alama unayoiona ni damu iliyovujia chini ya ngozi, kama ya mtu aliyejigonga, na huisha yenyewe baada ya siku kadhaa, pengine wiki mbili. Weusi wake haupimi ukubwa wa ugonjwa. Mwaka 2016 Michael Phelps wa Marekani aliogelea kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro akiwa na alama hizo mabegani. Watu waliziona alama, miaka ya mazoezi hawakuiona.

Tafiti zinaelekea kuonyesha nafuu ya muda mfupi kwa maumivu ya shingo na kiuno. Nyingi ni ndogo, na si rahisi kumficha mtu asijue kama amewekewa kikombe kinachovuta kweli.

Chuku kavu, yaani ya vikombe tu bila kuchanja ngozi, haitutishi sana. Linalotutisha ni chale. Katika lugha yetu chuku ni pia maneno yaliyotiwa chumvi, na kwenye habari ya "damu chafu" chuku zote mbili hukutana. Mgonjwa huonyeshwa mabonge meusi ndani ya kikombe, akaambiwa hiyo ndiyo sumu iliyokuwa ikimuuma. Damu yoyote ikitoka na kutulia huganda na kuwa nyeusi, hata ya mtu mwenye afya tele. Kazi ya kuchuja taka mwilini ni ya figo na ini, wala hazihitaji wembe.

Na huo wembe umetoka wapi? Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, kwenye damu iliyokauka ambayo hata huioni. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto nchini Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo wavuvi na wapagazi wengi wa rika la kati hawakuipata utotoni. Wembe ufunguliwe mbele yako, na vikombe vya chale visihamie kwa mtu mwingine. Mtoa huduma awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye upungufu wa damu, selimundu au kisukari, na mama mjamzito, wazungumze na daktari kabla ya kikombe cha aina yoyote. Maumivu ya mgongo yakija na ganzi miguuni, mkojo kukosa breki, homa za jioni au kukonda, achana na chuku, nenda hospitali. Kifua kikuu huweza kukaa kwenye uti wa mgongo kikijifanya uchovu wa kazi.

Zile siku mbili za nafuu ndizo tulizozitaka kwa yule mvuvi. Tukamwonyesha namna ya kurudisha mabega nyuma na kuyashikilia, mara kumi, kisha kuvuta wavu kwa nguvu za miguu badala ya kiuno. Akavaa shati, akauliza kama anaweza kuyafanya mazoezi hayo ndani ya mtumbwi. Anaweza, ya mabega, akiwa amekaa.