Praktiko ya floraidi ambayo kila mwanafunzi anaifanya mwenyewe

Nafundisha kemia ya mazingira chuoni na mada ninayoipenda kuliko zote ni floraidi, yaani ile chumvi inayoyeyuka kutoka kwenye mawe na kuingia kwenye maji ya kunywa, maana huku kuzunguka Mlima Meru huhitaji kuhangaika na mifano ya mbali, mawe ya volkano yapo, mto Maji ya Chai upo, na darasani wamo vijana waliokulia kwenye maji hayohayo. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji, sisi Tanzania zamani tulikuwa tunaruhusu hadi 4.

Sasa hapo ndo pa kuwa makini. Meno ya kahawia, ambayo huku ni ya kawaida, yanatokana na floraidi nyingi iliyoingia mwilini utotoni, meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi, kwahiyo kijana aliyekaa mbele yako hakuwa na uchaguzi wowote. Kwangu hakuna kumnyooshea mwenzio kidole eti mfano hai huyu hapa, na picha za meno sianzi nazo, tunaanza na maji yenyewe. Mwenye kutaka kusimulia ya kwao atasimulia, na wengi husimulia wakishaona hamna anayecheka.

Kwenye vipimo, ile njia ya SPADNS (ni jina la dawa ya rangi inayotiwa kwenye maji) inategemea rangi nyekundu kufifia kadri floraidi inavyozidi, na ukiwaambia walinganishe kwa macho, asiyetofautisha rangi umeshamtoa. Mimi natumia elektrodi ya floraidi, kijiti cha kupimia kinachochovywa kwenye maji, inasoma milivolti tu. Kwenye nyuzi 25 floraidi ikipanda mara 10 namba inashuka kama milivolti 59 hivi, na ile bafa tunayochanganya, yaani dawa ya kutuliza uchachu wa maji, inaweka pH (kipimo cha uchachu) kwenye 5 na kitu na kuiachanisha floraidi na alumini iliyoing'ang'ania. Asiyeona anasomewa namba na mwenzie, halafu grafu anaichora mwenyewe kwa uzi na gundi kwenye karatasi ngumu, pointi zake ni punje za maharage, na akipitisha kidole anajua kabisa mstari umeinama wapi. Hiyo grafu ya uzi hata wanaoona wanaigombania, yaani mteremko wa logi wanauelewa kwa vidole kuliko kwa ubao!

Kwa viziwi ni mambo madogo ila yana uzito: usiongee umegeukia ubao, maelekezo yaandikwe kabla, na mkalimani apewe istilahi mapema akae nazo. Na wale waliotoka shule zisizo na maabara wapewe muda wa kushika vifaa kwa maji ya kawaida, bila maksi, la sivyo aliyezoea atashika kila kitu na wengine watabaki kuandika namba.

Ripoti naiomba kwa Kiingereza kama taratibu zinavyotaka, ila kuna kipande lazima kiwe Kiswahili: mweleze mama wa nyumbani kwanini kuchemsha maji hakutoi floraidi, tena maji yakipungua sufuriani ndo inazidi kukolea, na kwanini magadi ya kwenye maharage nayo yanaweza kuongeza. Halafu waeleze chujio la mkaa wa mifupa linalonasa floraidi, kama ule uliofanyiwa kazi pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto, na hapo huwa wanabishana kweli kweli, maana kuna familia haziwezi kunywa maji yaliyopita kwenye mfupa wa mnyama wasiyemjua, na mhandisi anayekuja na chujio bila kuuliza hilo atalikuta limewekwa stoo.