Kutafuta uongozi wa Mungu ni nini hasa?

Kutafuta uongozi wa Mungu ni kuliweka jambo mbele zake kwa maombi ukiwa radhi, kweli kabisa, kuifuata hata ile njia usiyoipenda. Sharti hilo ndilo linaloitenganisha dhana hii na maombi mengine. Aliyekwisha kulipa nauli na kufunga mizigo anaomba baraka, na hakuna ubaya, ila asiite uongozi.

Chukua mama wa Chavakali, Vihiga. Kijana wake ameitwa chuo cha uuguzi, karo hakuna, na mtu anayeitaka robo ekari iliyo nyuma ya nyumba anapiga simu kila jioni. Akiomba, "Bwana, huyu mnunuzi aongeze bei," ameshaamua. Akiomba, "Bwana, tuuze au tusiuze?" basi ajiandae hata kwa kijana kukaa nyumbani mwaka mzima. Tena maombi hayamwondolei kazi ya kuuliza: chuo kinapokea karo kidogo kidogo? Baba watoto aliye Nairobi anasemaje? Nchini Kenya shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi, na ardhi ya familia hutaka ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Mume akikataa, hilo nalo ni la kusikilizwa. Si kila pingamizi ni la shetani la kukemewa usiku kucha kwenye kesha.

Wengi hukimbilia ngozi ya Gideoni, ile ya kondoo aliyoitandaza usiku akimwomba Mungu ishara ya umande (Waamuzi 6): nipe ishara, basi la kwanza kupita likiwa la kijani nakubali. Gideoni lakini alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Ngozi ile ilikuwa ya woga wake. Mitume nao walimpata Mathiya, aliyeshika nafasi ya Yuda, kwa kura, kisha baada ya Pentekoste kura haionekani tena katika kitabu cha Matendo. Ukifika sura ya 15 unawakuta wamekaa, wanahojiana sana, wanasikiliza waliotoka safari, ndipo wanaandika kwamba limempendeza Roho Mtakatifu "na sisi". Mimi naipenda sana hiyo "na sisi".

Huku magharibi mwa Kenya, walioishika desturi hiyo ni kanisa la Marafiki, au Quaker, waliofungua misheni Kaimosi mwaka 1902. Kwa utaratibu wao, kikao cha kanisa hakipigi kura. Watu husema, hunyamaza, husema tena. Karani huandika anachoona ndiyo nia ya kikao na kuisoma papo hapo. Mtu akibaki na mzigo moyoni, jambo linaweza kungoja kikao kingine. Inachosha, hasa kama ni suala la mabati. Lakini mwenye sauti kubwa hashindi kwa sauti.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni amani: "Sisikii amani na hii kazi." Kina uzito wake. Ignatius wa Loyola, padri Mkatoliki aliyeanzisha shirika la Wajesuiti katika karne ya 16, alifundisha watu kuangalia kila njia inaacha nini moyoni, utulivu unaokaa au msisimko unaopoa, na akaonya mtu asibadilishe uamuzi wakati roho yake imekauka. Hata hivyo amani pekee haitoshi, kwa sababu kukwepa jambo gumu nako huleta nafuu. Pale Gethsemane, Yesu alipoomba kabla ya kusulubiwa, palikuwa na jasho na uchungu, na njia ilikuwa ndiyo hiyo hiyo.

Kuhusu manabii wanaokupa "neno" la ndoa yako kwa simu baada ya sadaka, sina mengi. Anayekuharakisha na kukukataza kumuuliza mtu mwingine, mkatie simu.

Na siku ya mwisho ya kuamua ikifika bila jibu? Yakobo 1:5 inaahidi hekima kwa anayeomba, haikuahidi sauti. Mtu huchagua kwa akili aliyopewa na ushauri aliopata, akianza na hatua inayoweza kurudishwa: likizo bila malipo kabla ya barua ya kuacha kazi, kukodisha shamba kabla ya kuliuza.