Ngozi, stresi na ile dawa "imekataa": maswali ya kliniki

Mimi ni klinikal ofisa, nafanya kliniki ya ngozi hapa Kisumu (watu wananiita daktari na sijawahi kukataa). Haya ndio maswali huwa nayasikia karibu kila wiki, nimeyajibu vile huwa najibu nikiwa na wakati.

Daktari, ati soriasisi yangu ni mawazo tu?

Hapana, na aliyekuambia hivo amekukosea. Soriasisi ni kinga ya mwili imechanganyikiwa. Ngozi ya kawaida inachukua karibu mwezi mmoja kujibadilisha, yako inafanya hiyo kazi kwa siku chache, ndio maana magamba yanarundikana kwa viwiko na magoti. Mwelekeo wake unaweza kuwa kwa familia. Mawazo yanakuja kuamsha kitu kilikuwa kimelala, na kikishaamka yanakinyima usingizi.

Sasa akili inafikaje kwa ngozi?

Mishipa ya fahamu imefika mpaka juu kabisa ya ngozi, na ukiwa na stresi ncha zake zinatoa kemikali zinachokoza seli za kinga, hapo muwasho na wekundu vinaongezeka. Halafu hulali, unajikuna usiku bila kujua, na kwa soriasisi mahali umechubua kidonda kipya kinaweza kuota hapo hapo. Ekzema, ugonjwa mwingine wa ngozi wa kuwasha, nayo ni duara hilo hilo la kuwashwa na kujikuna. Januari, karo ikiwa bado, sishangai foleni ikiwa ndefu.

Mbona dawa ilimsaidia jirani na kwangu imekataa?

Hapa nitakaa kidogo. Kuna utafiti wa Manchester, Uingereza, ulitoka 2003, waliangalia wagonjwa wa soriasisi waliokuwa wanatibiwa na PUVA, yaani tembe pamoja na mwanga maalum. Matibabu yalikuwa ya aina moja, lakini wale wa wasiwasi mwingi ngozi yao ilichelewa kusafika karibu mara 2 ukilinganisha na wale waliotulia. Kabla ya hapo, 1998, mtafiti Jon Kabat-Zinn na wenzake huko Massachusetts, Marekani, waliwawekea wagonjwa kanda ya kutuliza akili wakiwa wamesimama kwa mwanga, na hao walipona haraka kuliko wenye hawakusikiza kitu. Walikuwa watu 37 tu, kwa hivyo sikuambii utupe krimu uanze kupumua kwa hesabu.

Lakini kwa kliniki sababu kubwa naona ni ya kawaida sana, mtu akivunjika moyo anawacha kupaka. Mimi siulizi "unatumia dawa?" juu kila mtu atasema ndio. Nauliza hiyo tyubu umekaa nayo muda gani, na mtu ananiambia tangu Pasaka, na ni tyubu ya gramu 15! Kamua krimu kutoka ncha ya kidole hadi kiungo cha kwanza, hiyo inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Sasa pima mgongo wako.

Kwa matatu watu wanahama siti, na nyumbani wanasema ni chira, yaani laana ya kuvunja mila.

Haiambukizi, si kwa siti, si kwa taulo, si kwa kitanda. Ya chira sibishani na wazee, wakitaka kufanya yao wafanye, bora dawa isisimame. Chenye kinaniuma ni ile aibu, kwa sababu mtu anavaa mikono mirefu kwa joto la Kisumu na jua kidogo lingemsaidia.

Nimepata krimu ya sokoni inamaliza haraka, niendelee?

Nyingi zina steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi) na haijaandikwa kwa pakiti. Ukikatiza ghafla ugonjwa unaweza kurudi na hasira. Usiitupe leo, ilete tuione.

Nimwambie daktari nini kuhusu akili?

Mwambie unalala saa ngapi, kama chakula kinapita, kama umeacha kwenda kanisa au chama juu ya ngozi. Kama umefikiria kufa, sema siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Na taja dawa zote: lithium ya matatizo ya akili na propranolol ya presha zinaweza kuchokoza soriasisi, lakini usiziache mwenyewe, aliyekuandikia ndiye ataamua. Halafu beba ile tyubu.