Unang'oa mabomba ya chuma? Zijue kazi ambazo plastiki haitazifanya

Nyumba nyingi za zamani Arusha na Moshi bado zina mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Zinki ikishaliwa, kutu hujenga vinundu kwa ndani na tundu la maji huzidi kuwa jembamba mwaka hadi mwaka. Uvujaji huanzia kwenye maungio, kwa sababu pale zilipokatwa nyuzi za kufungia ndipo chuma ni chembamba zaidi. Mgao wa maji huongeza tatizo. Bomba linalokaa na hewa kisha kujaa ghafla huliwa upesi, na maji yakirudi kwa kishindo hubandua kutu na kuisukuma hadi kwenye koki na kwenye floti ya choo.

Bomba la plastiki linalopindika, hasa lile lenye karatasi ya alumini katikati ya tabaka mbili za plastiki, ni badala nzuri. Huja kwa roli, huvutwa kipande kimoja hadi kwenye koki bila kiungo ndani ya ukuta, na halishiki kutu. Huko Ulaya na Marekani bomba hili husifiwa pia kwa kuvumilia maji kuganda. Arusha hata mwezi wa Julai maji hayagandi bombani, kwa hiyo muuzaji asikuongezee bei kwa sifa hiyo.

Shida ni kwamba chuma kilikuwa na kazi nyingine ambazo haziandikwi kwenye makadirio ya fundi bomba.

Kubwa kuliko zote ni ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Katika baadhi ya nyumba za zamani waya wa ethi ulifungwa kwenye bomba la maji, kwa kuwa bomba hilo lilizama ardhini. Ukikata chuma na kuweka plastiki, nyumba inabaki bila ethi na hakuna taa itakayozima kukujulisha. Mtu wa kwanza kugundua anaweza kuwa yule aliye chini ya shawa ya umeme. Kabla ya kukata chochote, fuata waya wa kijani au wa kijani na njano kutoka kwenye ubao wa umeme uone unaishia wapi. Ukiishia kwenye bomba, fundi umeme mwenye leseni achimbie kwanza nondo ya ethi, aipime kwa kifaa, kisha afunge kikatiza-umeme cha miliampea 30, kile kinachozima umeme unapovuja. Ndipo fundi bomba aingie.

La pili ni kipimo. Chuma huitwa kwa inchi za tundu, plastiki huitwa kwa milimita za nje. Bomba la chuma la nusu inchi lina tundu la takriban milimita 16. Plastiki ya milimita 16 yenye ukuta wa milimita 2 ina tundu la milimita 12 tu, yaani eneo la kupitisha maji limepungua karibu nusu. Badala ya nusu inchi weka milimita 20. Badala ya robo tatu weka 25 au 26. Kumbuka pia kwamba viungo vya mabomba haya huingia ndani ya bomba, hivyo kila kiungo ni mbano. Simtanki lililo mita 3 juu ya shawa hutoa msukumo wa bar 0.3 tu, na elbo nne mfululizo zinaweza kuupunguza sana. Pinda bomba badala ya kukata. Kwa milimita 20, mpindo uwe na nusu kipenyo kisichopungua sentimita 10, springi ya kupindia ikiwa ndani. Likiminyika, kata sehemu hiyo uitupe. Usijaribu kulinyoosha kwa moto.

Upande wa pili wa jambo hilo ni msukumo kuzidi. Kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro kila mita 10 za kushuka huongeza karibu bar 1. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tangi la mtandao wa maji hupata takriban bar 6 usiku, watu wanapokuwa hawatumii maji. Funga valvu ya kupunguza msukumo baada ya dira ya maji, iwekwe bar 3. Dira yenyewe na lakiri yake usiziguse. Hizo ni za mamlaka ya maji, AUWSA kwa Arusha au MUWSA kwa Moshi.

Jua nalo chuma kilikuwa hakilijali. Plastiki nyeupe ikipanda nje hadi kwenye mnara wa simtanki hukauka na kupasuka. Sehemu hiyo, pamoja na mtaro kutoka kwenye dira, tumia bomba jeusi lenye mistari ya bluu lililoandikwa PN16, yaani la kuhimili bar 16. Mtaro uwe na kina cha sentimita 60, na bomba lilale juu ya mchanga uliochekechwa wa sentimita 10. Mawe ya volkano ya huku yana ncha, na udongo uliorudishwa ovyo hulitoboa bomba polepole.

Kwenye hita acha sentimita 45 za chuma au shaba kabla plastiki haijaanza. Kwa hita ya jua, mabomba yanayotoka kwenye paneli yawe ya metali tupu: maji yakikaa bila kutumika yanaweza kufika nyuzi 100. Na koki isiachwe ikining'inia kwenye bomba. Tumia elbo yenye masikio, ifungwe ukutani kwa skrubu mbili.

Kukata ni kwa mkasi wa bomba, si kwa msumeno. Kisha zungusha kifaa cha kulainisha kingo, la sivyo ncha kali itakata kimpira cha kiungo na uvujaji utaanza miezi kadhaa baadaye, vigae vikiwa vimeshakauka. Hakikisha pia kipete cha plastiki kimekaa mahali pake ili alumini isiguse shaba ya njano (brasi) ya kiungo. Unapounga plastiki na chuma kilichobaki, tumia adapta ya brasi. Soketi ya plastiki yenye nyuzi hupasuka ikikazwa kwenye chuma.

Kama fedha haitoshi kwa nyumba nzima, anzia upande wa dira kuelekea ndani. Ukianza na bafu, kutu ya nyuma itaendelea kuja na kuziba shawa mpya. Mabomba ya zamani yaliyomo ukutani si lazima kuyachimbua. Yakate, yazibe ncha zote mbili. Wala usitarajie bomba jipya likuondolee madini ya floraidi kwenye maji, kwa maana hiyo hutoka kwenye miamba ya volkano na wala si kwenye bomba.

Kabla ya plasta, fungua maji yapite dakika kadhaa, kisha pima kwa pampu ya mkono kwa mara moja na nusu ya msukumo wa kawaida. Mshale wa geji ya pampu utashuka kidogo mwanzoni kwa kuwa plastiki hutanuka. Rudisha msukumo na usubiri saa moja. Ukishuka tena, tafuta kiungo chenye unyevu. Ukisimama, piga picha kila ukuta ukiwa na futi kamba imenyooshwa kando ya bomba, ndipo umwite fundi wa plasta.