Dhana potofu za kompyuta na tovuti zinazowagharimu wabunifu wanaojitegemea

Mbunifu aliyeajiriwa, kompyuta ikimgomea, humwita fundi wa ofisi. Anayejitegemea ndiye mbunifu, ndiye mhasibu na ndiye fundi, tena mara nyingi tatizo humkuta usiku, kazi ikitakiwa asubuhi. Hapo hushika ushauri wowote ulio karibu: neno la rafiki, video fupi ya mtandaoni, au maneno ya mtu mwenye kitu cha kuuza. Mengi ya hayo yalikuwa kweli enzi fulani, mengine ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo humfanya mtu anunue mashine mpya ilhali kasoro iko mahali pengine kabisa. Naanza na dhana inayoumiza kuliko zote, kwa sababu ikishakukuta mara nyingi hakuna cha kurekebisha.

"Kazi zangu zote ziko kwenye wingu, kwa hiyo zina nakala rudufu"

Google Drive, Dropbox na OneDrive, kwa namna watu wengi wanavyozitumia, husawazisha faili. Folda iliyo kwenye kompyuta na ile iliyo mtandaoni ni folda moja unayoiona kutoka mahali pawili. Ukifuta faili huku, inafutika kule. Ukihifadhi kazi iliyoharibika juu ya ile nzima, iliyoharibika ndiyo inayopanda mtandaoni. Virusi vya kufunga faili ili mtu alipe fidia vikiingia, faili zilizofungwa nazo husawazishwa kama nyingine zote. Ni kweli kuna pipa la taka, lakini Google Drive hukaa na ulichofuta kwa siku 30 tu, kisha hukiondoa kabisa. Mteja wa nembo harudi ndani ya siku 30. Hurudi baada ya mwaka, akitaka lile pendekezo la kwanza alilolikataa mwenyewe.

Kanuni ninayoiamini ni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu za kila kazi, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na mahali unapofanyia kazi. Wingu linaweza kuwa mojawapo ya hizo tatu, lakini si zote. Diski ya nje nayo, ikiachwa imechomekwa saa zote, hukumbwa na virusi vile vile na hitilafu ile ile ya umeme iliyoikumba kompyuta; kwa hiyo chomeka, nakili, chomoa. Na mara kwa mara fungua faili kutoka kwenye nakala hiyo uone kama inafunguka, ukianza na zile kubwa zenye tabaka nyingi, kwani ndizo rahisi kukatikia njiani wakati wa kunakili.

Wapo pia wanaoamini kwamba picha ikifutwa kwenye memori kadi imekwenda moja kwa moja. Kwa kawaida bado ipo. Kamera imefuta maelezo ya mahali picha ilipo, na data yenyewe hubaki pale hadi picha mpya iandikwe juu yake. Acha kupiga papo hapo, toa kadi, tumia programu ya kurejesha faili kama PhotoRec, ambayo hailipiwi, na unachokiokoa kihifadhi kwenye diski nyingine. Ila usihamishie matumaini hayo kwenye SSD ya kompyuta, yaani diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka. Mfumo wa kompyuta huipa SSD amri iitwayo TRIM, yaani huiarifu kwamba nafasi fulani haihitajiki tena, na diski huisafisha yenyewe bila kungoja faili mpya. Huko uwezekano wa kurejesha kitu ni mdogo sana.

"Fomu imeandika 'Ujumbe umetumwa', basi umefika"

Hii inaua kazi kimya kimya. Mtu anafungua tovuti yako, anapenda michoro, anajaza fomu ya mawasiliano, anaona yale maneno ya kijani. Wewe hupati kitu. Yeye anadhani umempuuza, nawe unadhani soko limelala.

Maneno ya kijani yana maana moja tu: seva ya tovuti imeikabidhi barua kwa programu ya kutuma. Kinachotokea baada ya hapo fomu haikijui. Sasa tazama jinsi fomu nyingi zinavyotengenezwa. Zinachukua anwani ya mgeni na kuiandika kwenye nafasi ya mtumaji, ili ukibofya "jibu" umjibu yeye. Kwa hiyo seva yako inatuma barua huku ikijitambulisha kuwa ni mtu wa yahoo.com. Seva inayopokea inachunguza: je, hii imeruhusiwa kutuma kwa jina la yahoo.com? Yahoo wenyewe, tangu Aprili 2014, wameweka sera ya DMARC, yaani maagizo kwa seva zinazopokea barua zinazotaja jina lao, inayotaka barua ya namna hiyo ikataliwe. Usiitafute kwenye folda ya taka. Mara nyingi haikuingia kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kuona fomu yake inafanya kazi kwa wageni wengine na kwa wengine haifanyi, akadhani tovuti ina pepo.

Februari 2024 Google na Yahoo walikaza zaidi, wakataka kila anayewatumia watumiaji wao barua awe walau na SPF au DKIM. SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako, yaani jina la tovuti yako mtandaoni. DKIM ni saini ya kidijitali inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako na haikubadilishwa njiani. Zote mbili huwekwa kwenye rekodi za DNS za kikoa, yaani daftari la mtandao linaloonyesha jina linaelekea seva gani, na kampuni inayokupa huduma ya barua pepe ndiyo yenye maandishi ya kunakili.

Tiba haihitaji kubomoa tovuti. Nafasi ya mtumaji iwe anwani ya kikoa chako mwenyewe, na anwani ya mgeni iwekwe kwenye sehemu ya "jibu kwa". Tuma kupitia SMTP, njia ya kawaida ya kutuma barua pepe, kwa akaunti halisi yenye nywila, badala ya kuiachia seva ya tovuti itume kivyake. Iagize fomu ihifadhi nakala ya kila ujumbe ndani ya tovuti. Kisha jijaribie kwa anwani za nje, zaidi ya moja, na urudie jaribio hilo kila unapohama kampuni inayohifadhi tovuti yako.

"Subiri saa 48, tovuti itabadilika yenyewe"

Hapa matatizo mawili yanabebeshwa jibu moja. Ukibadilisha picha au maandishi na mteja bado anaona ya jana, saa 48 hazihusiki. Anachoona ni nakala iliyohifadhiwa na kivinjari chake, au na programu ya kache (inayotunza nakala za kurasa) kwenye tovuti, au na mtandao wa kusambaza maudhui ulioko katikati. Mwambie afungue ukurasa kwenye dirisha la faragha. Ukionekana mpya, shida ilikuwa kivinjari chake. Ukibaki wa zamani, safisha kache upande wako. Ukitaka kuepuka mzozo huo kabisa, picha mpya ipe jina jipya la faili, kwa sababu kivinjari hakiwezi kuwa na nakala ya kitu ambacho hakijawahi kukiona.

Saa 48 zinahusu DNS, unapohamisha kikoa kwenda kwenye seva za majina za kampuni nyingine. Kwa vikoa vya .com, majibu yanayotaja seva za majina hutolewa na ruhusa ya kukumbukwa kwa sekunde 172,800, ambazo ni siku mbili kamili. Rekodi nyingine muda wake unaupanga mwenyewe. Ukijua utahama wiki ijayo, shusha leo muda wa kukumbukwa, unaoitwa TTL, uwe sekunde 300. Siku ya kuhama wageni watafuata anwani mpya ndani ya dakika chache. Na usifunge akaunti ya zamani siku hiyo hiyo, maana wapo ambao bado wataelekezwa kule.

"Picha ya tovuti ni DPI 72, ya kuchapa ni 300"

DPI ni idadi ya nukta, au pikseli, kwa kila inchi, na namba 72 ina historia. Skrini ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na pikseli 72 kwa kila inchi, ikilingana na pointi ya wachapaji. Skrini za leo hazina kipimo hicho, na kivinjari hakijali namba hiyo hata kidogo. Chukua picha yenye upana wa pikseli 2000, ihifadhi mara moja ikiwa na DPI 72 na mara nyingine 300, ziweke ubavu kwa ubavu: zitaonekana sawasawa.

Kwenye uchapaji namba ina maana, ila ni matokeo ya kugawa. Ukurasa wa A4 kwa DPI 300 unataka pikseli 2480 kwa 3508. Mteja akikuletea nembo aliyoipakua kwenye ukurasa wake wa mtandao wa kijamii, yenye upana wa pikseli 1080, hiyo inatosha inchi 3.6, kama sentimita 9. Kuandika 300 kwenye kisanduku hakumwongezei chochote. Programu itabuni pikseli za kujazia, na mchapaji ataona ukungu. Mwombe faili ya vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kupoteza ukali.

Kosa la upande wa pili ni kupakia picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000, wakati skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni mbili tu na ushei. JPEG yake inaweza kuonekana ndogo, tuseme megabaiti 8, lakini kivinjari kinapoifungua kila pikseli huchukua baiti nne, na picha hiyo moja inashika megabaiti 96 za RAM, kumbukumbu ya kazi ya kifaa. Kumi za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja zinakaribia gigabaiti nzima. Simu ya mteja inakwama, naye anaondoka akisema tovuti yako ni mbovu. Ipunguze hadi pikseli 2000 hivi, ihifadhi kama JPEG au WebP, na ibadilishe iwe sRGB kwanza, mfumo wa rangi wa kawaida wa tovuti. Picha ya Adobe RGB, mfumo wenye rangi pana zaidi, ikipoteza wasifu wake wa rangi, na baadhi ya programu za kupunguza uzito huuondoa, kivinjari huisoma kama sRGB na rangi zinapauka.

"Kompyuta imekuwa nzito, inahitaji programu ya kusafisha"

Mara chache sana. Microsoft wenyewe hawaungi mkono programu za kusafisha rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake. Wala RAM iliyojaa si ishara ya ugonjwa, kwani Windows na macOS hutumia RAM isiyo na kazi kuhifadhi vitu unavyoweza kuvihitaji tena. Fungua Task Manager au Activity Monitor wakati mashine inakwama, uone ni nini hasa kimejaa. Kwa wabunifu wengi ni diski: Photoshop hutaka nafasi ya kufanyia kazi kwenye diski pale RAM isipotosha, na diski iliyojaa pomoni haina pa kuitoa.

Zipo pia dhana ndogo ndogo. Kufuli ya HTTPS, ile alama kando ya anwani ya tovuti, nayo hueleweka vibaya. Inathibitisha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, haithibitishi uaminifu wa mwenye tovuti. Tapeli hupata cheti bure kama wewe. Chrome iliiondoa alama hiyo mwaka 2023. Kuzuia kubofya kulia hakulindi picha, kwa sababu picha inayoonekana imeshafika kwenye kompyuta ya anayeiangalia. Na kiambatisho cha megabaiti 24 kinaweza kukataliwa na seva yenye kikomo cha 25, kwani barua pepe hugeuza faili kuwa herufi na uzito huongezeka kwa takriban theluthi moja. Tuma kiungo.

"Tovuti ni yangu, kwa hiyo na kikoa ni changu"

Kikoa na nafasi ya kuhifadhi tovuti ni vitu viwili, vinavyolipiwa kila kimoja kivyake hata vikinunuliwa kampuni moja. Mwenye kikoa ni aliyeandikishwa kama msajiliwa. Kama aliyekutengenezea tovuti alijiandikisha yeye, kwenye rekodi ni chake, nawe unamtegemea kila mwaka wa kulipia unapofika. Ingia kwenye akaunti ya usajili leo, usome jina lililoandikwa pale na tarehe ya mwisho. Kikoa cha .com kikiisha hakiuzwi siku hiyo hiyo. Kuna kipindi cha neema, kisha siku 30 za kukikomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku 5 kabla ya kuachwa kwa yeyote. Tovuti na barua pepe vinaweza kuzimwa mapema zaidi ya hapo. Kwa hiyo anwani ya barua pepe uliyoiandika kwenye akaunti ya usajili isiwe ya kikoa hicho hicho, maana kikizimwa, maonyo yote ya kulipia yanatumwa mahali ambapo huwezi tena kuyasoma.