Julai 13 ya Queen: koti la njano, singlendi nyeupe na mengine tunayoyachanganya

Kila ikifika Julai 13, simu yangu hujaa picha za Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Nyingi ni ile ya koti la njano, ngumi juu, na chini yake mtu ameandika: "Live Aid, 1985," yaani lile tamasha la uwanja wa Wembley, London, la kuchangisha fedha kwa wenye njaa Ethiopia. Nawapenda wanaozituma, maana nami ni mpenzi wa Queen tangu utotoni. Ila koti lile ni la mwaka 1986, kwenye ziara iliyoitwa Magic, bendi iliporudi Wembley Julai 11 na 12. Siku ya Live Aid Freddie alipanda jukwaani na singlendi nyeupe na jinzi iliyopauka. Uwanja ni uleule na wiki ni ileile ya Julai, lakini kati ya nguo hizo mbili umepita mwaka mzima.

Kosa la picha ni dogo. Linaloniuma ni hili: imani kwamba Queen walikuwa wameshavunjika, hawasemezani, wakaja kupatana siku chache kabla ya tamasha. Hadithi hiyo imepata nguvu kutokana na filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018. Humo Freddie anawatangazia wenzake kwamba anakwenda kurekodi albamu yake mwenyewe, nao wanaona wamesalitiwa.

Tuangalie kalenda yao. Albamu ya The Works ilitoka Februari 1984, na ziara yake ikaanza mwaka huohuo. Januari 1985 walipiga kwenye tamasha la Rock in Rio, Brazil, mara mbili, tarehe 12 na 19. Aprili walikuwa New Zealand na Australia. Mei walikuwa Japani, na shoo ya mwisho ya ziara ilikuwa Osaka, Mei 15. Toka Osaka mpaka Wembley ni wiki nane tu. Bendi iliyovunjika haizunguki dunia namna hiyo. Na hiyo albamu binafsi? Freddie alitoa Mr. Bad Guy mwishoni mwa Aprili 1985, ni kweli. Lakini Roger Taylor, mpiga ngoma, alikuwa ameshatoa za kwake mbili, mwaka 1981 na 1984, na Brian May, mpiga gitaa, alitoa kazi yake nje ya bendi mwaka 1983. Freddie ndiye aliyechelewa kuliko wao.

Ndiyo maana sipendi dakika zile ishirini na ushei za Queen pale Live Aid zikiitwa muujiza. Julai 13, 1985 ilikuwa miaka 12 kamili tangu albamu yao ya kwanza itoke Uingereza, Julai 13, 1973. Wimbo waliotanguliza wakati ule haukuingia hata kwenye chati. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka ya mabasi, ndege na viwanja. São Paulo mwaka 1981 walipiga mbele ya watu zaidi ya laki moja usiku mmoja, kwa hiyo watu elfu 72 wa Wembley hawakuwa kitu cha kuwatisha. Hata hivyo hawakujiachia. Walijifungia kwenye ukumbi wa Shaw Theatre, London, wakafanya mazoezi kwa saa ya ukutani, wakakata nyimbo mpaka zikaenea kwenye muda waliopewa. Pale Wembley palikuwa na taa jukwaani za kumwonya msanii kwamba muda unakwisha, kama taa za barabarani.

Saa kumi na mbili na dakika 41 jioni ya London, jua bado halijazama, Freddie anaingia akikimbia, anakaa kwenye piano ambayo juu yake wamepanga vikombe vya Pepsi, na anaanza wimbo wa Bohemian Rhapsody. Hamalizi. Anaikata katikati, anashika maiki yenye nusu ya mti, na Radio Ga Ga inaanza. Mikono elfu na elfu inapigwa juu ya vichwa kwa wakati mmoja. Kisha anasimama bila ala yoyote na kuwaitisha: yeye anatoa sauti, uwanja unaipokea. Sisi tuliokulia kwenye ngoma na taarabu tunajua kupokea kiitikio ni nini. Na watazamaji hawa hawakuja kwa ajili ya Queen peke yao, walikuja kusikiliza wasanii chungu nzima.

Wapo wanaosema siri ilikuwa sauti kubwa tu. Hapo pana ukweli: Roger Taylor mwenyewe ameeleza kwamba fundi wao alivigusa vidhibiti vya sauti ili Queen wasikike kwa nguvu kuliko wengine. Lakini kelele peke yake haimfundishi mtu kupiga makofi kwa mpangilio.

Wengi huiita Live Aid kurudi kwa Queen. Kama bendi haikuvunjika, basi walikuwa wanarudi kutoka wapi? Hapa ndipo ukweli unapouma, na filamu haikuugusa. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga kwenye kituo cha starehe cha Sun City, Bophuthatswana, ndani ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati Umoja wa Mataifa umeitisha wasanii wasusie nchi ile. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Jina lilichafuka. Mimi kama Mtanzania siwezi kulipita jambo hili kimyakimya, kwa sababu nchi yetu ilikuwa mstari wa mbele, na wapigania uhuru wa kusini waliishi kwetu. Baadhi ya watu hudhani Queen waliwahi kupiga Zanzibar, kwa kuwa Freddie, Farrokh Bulsara, alizaliwa Mji Mkongwe Septemba 5, 1946. Hawakuwahi. Afrika nzima, Freddie akiwa mwimbaji, walipiga Sun City tu. Nawapenda, na bado hilo linanichoma.

Kuhusu ugonjwa, filamu inaonyesha Freddie akiwaambia wenzake kuwa ana virusi vya UKIMWI kabla ya kupanda jukwaani. Kwa maelezo ya mwenzi wake, Jim Hutton, madaktari walimthibitishia mwaka 1987, miaka miwili baada ya Live Aid. Umma uliambiwa Novemba 23, 1991, na kesho yake akafariki. Jioni ile ya Wembley hakuwa mtu anayeaga. Wala haikuwa shoo yake ya mwisho na Queen: hiyo ilikuwa Knebworth, Agosti 9, 1986, mbele ya watu zaidi ya elfu 120.

Na fedha? Filamu inafanya ionekane kama simu zilikuwa zimenyamaza mpaka Queen walipoanza kuimba. Michango ilikuwa ikiingia kabla yao, ingawa Bob Geldof, mwandaaji wa tamasha, hakuridhika nayo. Kilichowatikisa watu zaidi kilikuja baada ya Queen: David Bowie aliacha wimbo wake mmoja ili ionyeshwe mikanda ya watoto wa Ethiopia waliokuwa wakifa njaa, ikiambatana na wimbo wa bendi ya The Cars. Hapo ndipo simu zilipofurika. Ni haki yao watoto wale kukumbukwa kwa hilo.

Video inayozungushwa kila mwaka huishia kwenye We Are the Champions, na wengi huamini Queen waliondoka hapo. Freddie na Brian walirudi usiku, karibu na mwisho wa tamasha, wawili peke yao, na gitaa moja lisilo la umeme. Waliimba Is This the World We Created?, wimbo kuhusu watoto wenye njaa. Wanaoujua husema ulitungwa kwa ajili ya Ethiopia. Lakini ulikuwa tayari kwenye The Works, Februari 1984, miezi minane kabla BBC haijaonyesha picha za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizoishtua dunia. Brian alipiga gitaa, na Freddie, yule aliyekuwa ameuamsha uwanja mzima jioni, sasa aliimba kwa sauti ya chini.